Re: Kwa nini kodi yetu ilipie redio za lugha nyingi?

Ndugu, umeuliza kwa nini KBC, shirika la utangazaji la umma la Kenya, iendelee kupewa pesa za umma ilhali redio za lugha za kienyeji zimejaa na zinajilipia kwa matangazo. Ni kweli, lakini mwenye biashara hufuata penye wasikilizaji wengi. Kijaluo na Kikalenjin havitakosa mdhamini. Je, Kisuba? Kiteso?

Nyanya yangu, Mteso, yuko Amagoro, kaunti ya Busia. Redio yake ya betri imefungwa kwa mpira wa baiskeli, waya wa antena unaning'inia dirishani. Tangazo la chanjo ya ng'ombe likisomwa kwa Kiswahili, humngoja mjukuu atoke shule amfasirie. Siku nzima imepita!

Australia ilianza mwaka 1975 na vituo viwili, Sydney na Melbourne, ili wahamiaji waelezwe mpango mpya wa bima ya afya kwa lugha zao. Leo SBS, shirika la utangazaji la umma la huko lililorithi vituo hivyo, hutangaza kwa lugha zaidi ya 60, Kiswahili kikiwemo, na sehemu kubwa ya fedha zake hutoka serikalini.

Kama unachochukia ni ubadhirifu, tuko pamoja, hesabu zikaguliwe. Ila fungu lenyewe lisiguswe. Bunge hupokea maoni ya wananchi kabla ya bajeti kupitishwa. Mimi nitapeleka yangu kwa maandishi kutoka hapa Kisumu.