Sisimizi wa vichwa vikubwa: pima undugu wao kabla ya kuweka sumu

Wenye vihamba (mashamba ya nyumbani) wengi hapa Moshi hupulizia sisimizi wanaopanda mibuni kufuata utamu wa wadudu gamba, na muda si mrefu wanawakuta wamerudi. Wametoka kwa jirani, na kwao kwa jirani ni nyumbani vilevile.

Sisimizi hutambuana kwa harufu ya mafuta ya mwilini, na sehemu ya harufu hiyo hurithiwa. Wavamizi waliotokana na mama wachache hufanana harufu, hawapigani, na nguvu yote huenda kwenye chakula na kulea. Sisimizi wa Argentina walioingia Ulaya waliripotiwa mwaka 2002 kuwa na koloni moja la takriban kilomita 6,000, Italia hadi Hispania. Wala usingoje uchache wa vinasaba, yaani kuzaliana ndugu kwa ndugu, uwamalize: nyigu wa Asia walioonekana Ufaransa mwaka 2004 huenda wote ni uzao wa malkia mmoja aliyepandwa na madume kadhaa, na wameenea nchi nyingi.

Basi pima. Paka mafuta ukingo wa bakuli jeupe wasipande. Kwa brashi laini weka sisimizi watano wa kwako na watano wa mita 50 au zaidi, tazama dakika 10. Wakigusana vipapasio na kupita, wahesabu koloni moja. Anayeng'ang'ania mguu wa mwenzake na kukunja tumbo ana adui. Anza na kumi wa kiota kimoja ujue utulivu wao ukoje. Ukiwashika kwa vidole wanataharuki, jibu linaharibika.

Wakiwa koloni moja, wewe na majirani anzeni kuweka chambo wiki ileile: asidi ya boriki gramu 5, sukari gramu 100, maji ya vuguvugu nusu lita. Usizidishe dozi! Mfanyakazi akifa njiani, sumu haifiki kwa malkia, na malkia ni wengi. Loweka pamba, iweke ndani ya chupa yenye vitundu vya milimita 2: sisimizi wanapita, nyuki hapiti. Kuku na watoto wasiifikie. Badilisha kila siku tatu, kwa wiki sita au zaidi, nje ya masika.

Wakisusa sukari na kujazana kwenye dagaa iliyopondwa, tafuta duka la pembejeo chambo cha chengachenga chenye mafuta, kinachoua polepole. Kikilowa hawakigusi.

Malkia wao mara nyingi huhama kwa miguu, au kwa samadi na viriba vya miche tunavyowabebea. Gonga kiriba juu ya karatasi nyeupe kabla hakijaingia shambani. Wakimwagika na mayai, mrudishie mwenye kitalu.