Kampuni ya unga inataka kunipakia kibanda rangi bure

SWALI: Mzee wa Brashi, nauza chapati na maharagwe Kayole. Kibanda changu ni cha mabati na kimeangalia steji ya matatu. Juzi vijana wa kampuni moja ya unga waliniambia watakipaka rangi zao chote, bure, na jina langu wataliandika. Mume wangu anaona ni bahati. Lakini jirani aliyekubali, jina lake halisomeki hata ukisimama mlangoni. Tena kifunguamimba wangu anataka kuwatumia SMS wateja wote waliowahi kunilipa kwa M-Pesa. Nifanyeje? – Mama Brayo

JIBU: Mama Brayo, bure ya nani? Mabati yanayotazama steji ni mali. Kampuni hiyohiyo ikitaka bango Thika Road inatoa hela ndefu, na kwako inakuja na makopo ya rangi. Siwalaumu, wako kazini. Nawe uwe kazini. Jina lako liwe na herufi kubwa sawa na zao, na liwe juu. Muda wa kukaa hiyo rangi uandikwe kwenye karatasi, pamoja na nani atalipa ada ya matangazo ya kaunti. Kanjo, yaani askari wa kaunti, hawatamtafuta meneja wa unga. Watakuja kwako ukiwa na unga mikononi.

Ila mimi ningekataa. Tembea mtaani kwako uhesabu vibanda vya kijani cha M-Pesa na vyekundu vya soda. Vikifuatana vitano, jicho linavipita vyote. Kibanda cheupe hapo katikati kitaonekana kutoka ng'ambo ya barabara.

Nilipokuwa nikichora mabango River Road, kila mteja alitaka kila kitu kiingie: tunauza, tunanunua, tunarekebisha, namba mbili za simu, na simba. (Simba wa nini kwa fundi wa redio, sikuwahi kuelezwa.) Mwaka 1959, Wamarekani wakipenda magari makubwa, Volkswagen walitoa tangazo lililoacha karibu ukurasa mzima mtupu, kigari kidogo pembeni, likiwaambia watu wawaze udogo. Bado linasifiwa hadi leo. Matatu ni habari nyingine: tangu 2004 sheria imedai mstari wa manjano, na wachoraji hujaza nafasi iliyobaki kwa sura za wanamuziki na wachezaji. Inawafaa, kwa kuwa abiria anachagua kati ya matatu za ruti moja. Mteja wako anakimbilia gari. Muda wa kusoma hana.

Kwa hiyo andika CHAPATI MOTO, nyeusi juu ya nyeupe. Bei iandike kwa chaki ubaoni, maana unga haukai bei moja. Maneno machache yanatosha: M-Pesa ilipoanza 2007 haikutueleza mitambo. Ilituambia tutume pesa nyumbani, basi. Na jiko lihamishie upande wa steji. Harufu hailipiwi ada.

Kuhusu Brayo, mzuie. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 hairuhusu kutumia namba za watu kibiashara bila ridhaa yao. Mtu alilipia chapati, hakuomba ujumbe. Aweke daftari pale kaunta, anayetaka kuarifiwa siku za pilau aandike namba yake mwenyewe.