Re: Useremala kwa video, inawezekana?
Ndugu, umeuliza kama video za mtandaoni zinatosha kujifunza useremala bila kwenda karakana. Kwa misingi zinatosha, mradi usitazame tu huku mikono mitupu. Shika mwalimu mmoja, simamisha video kila hatua, ukate mbao yako. Anza na kupima na kukata, mapambo yatakuja. Msumeno upitishe upande wa kipande cha kutupa, si juu ya mstari, maana meno yake yanakula milimita moja au zaidi. Pembe mraba (nyuzi 90) ikague hivi: kutoka kwenye kona weka alama sentimita 30 upande mmoja, 40 upande wa pili, kutoka alama hadi alama ikiwa 50, imekaa sawa. Kunoa patasi ndiko video hunishinda kuamini. Hapo mtafute fundi akuone unavyoishika.