Umeme umekatika diski ikijengwa upya: nianze mwanzo?

Swali: Jambo fundi. Niko Kamalondo, hapa Lubumbashi, ninapiga picha na video za harusi. Seva yangu ya Linux ina diski mbili za terabaiti 4 zinazonakiliana, reidi 1. Moja ilikufa, nikaweka mpya. Kazi ya kuijenga ilipofika asilimia 41, umeme ukakatika. Seva imewaka tena, lakini /proc/mdstat, faili linaloonyesha hali ya reidi, inaandika "auto-read-only" na hakuna asilimia inayosonga. Niifute nianze upya?

Jibu: Hapana mama, usifute kitu. Na kama kuna aliyekushauri utumie `mdadm --create` (mdadm ndiyo programu ya Linux ya kusimamia reidi), mwombe asiguse kibodi. Amri hiyo huandika metadata mpya, yaani kumbukumbu za reidi zilizo kwenye diski, juu ya ile iliyopo, na ukikosea mpangilio wa diski, ile tupu itanakiliwa juu ya ile yenye harusi za watu. Nimewahi kuletewa seva iliyofanyiwa hivyo, na hapakuwa na cha kuokoa.

Reidi yako inajua ilipofikia. Metadata ya toleo la 1.2, ambayo mdadm hutumia kwa kawaida siku hizi, huweka alama ya kazi iliyokwisha kwenye diski mpya yenyewe. Itazame kwa macho yako (weka jina la diski yako mpya):

`mdadm --examine /dev/sdb1`

Tafuta mstari wa "Recovery Offset". Kwako namba itakuwa karibu na 3200000000. Hizo ni sekta za baiti 512, yaani kama terabaiti 1.6, ndiyo asilimia 41 yako. Ukikuta imepungua usishtuke: alama huandikwa mara kwa mara, si kila sekunde, kwa hiyo umeme ukikatika ghafla kazi ya mwisho mwisho hurudiwa. Metadata ya zamani ya 0.90 ndiyo huanza sifuri kwa diski mpya.

"auto-read-only" si ugonjwa. Mashine imeiwasha reidi kwa tahadhari, isomwe tu mpaka kitu cha kwanza kiandikwe, na wewe bado hujaandika. Iruhusu:

`mdadm --readwrite /dev/md0` (md0 ni jina la reidi, weka la kwako)

Kisha `watch cat /proc/mdstat`. Utaona neno recovery, asilimia ikianzia karibu na 41, na finish ikihesabu dakika. Zimebaki terabaiti 2.4, kwa megabaiti 100 kwa sekunde ni karibu saa 7. Alama ya [U_], au [_U], ikigeuka [UU], yaani diski zote mbili ni nzima, imekwisha.

Usingoje iishe ndipo unakili. Chomeka diski ya nje sasa hivi, utoe harusi ambazo hujawakabidhi wenyewe, kwa sababu mpaka sasa zinaishi kwenye diski moja tu. Ujenzi utapunguza mwendo, acha upungue.

Kama mdstat ingeandika "inactive", ungefanya `mdadm --stop /dev/md0`, halafu `mdadm --assemble --scan`. Reidi 5, ile ya diski tatu au zaidi, iliyozimika ghafla ikiwa na diski pungufu ni habari nyingine: huenda ikakataa kuwaka, na `--force` huitumii kabla ya kulinganisha namba za Events (hesabu ya mabadiliko ya metadata) za kila diski.

Kwa delestaje zetu hizi, yaani umeme kukatwa kwa zamu, seva hiyo inahitaji onduleri, kifaa cha betri kinachoishikilia umeme ukikatika. Wakati hujainunua, ukipata habari kwamba mtaa wenu unakatwa jioni, izime kwa `poweroff` mapema: alama itaandikwa sawasawa, na ukiiwasha itaendelea pale pale.