Unataka kushona nguo za Tanzania? Anza na jora

Wiki iliyopita msomaji wa Morogoro aliniandikia: "Dada, pamba tunalima wenyewe, mafundi wapo, kwa nini tusivae vya kwetu? Nataka kufungua kiwanda, nianzie wapi?" Nilimjibu kwa kifupi, maana nilikuwa nakabidhi sare za sekondari moja, oda kubwa kuliko zote nilizowahi kushika (najisifu, ndiyo, nina haki). Leo nijibu vizuri.

Mimi ni mtoto wa Bariadi, pamba nimeichuma kabla sijajua kusoma. Hiyo hoja ya "pamba tunayo" isikuleweshe, mdogo wangu. Pamba ya Simiyu na Shinyanga ikishachambuliwa, sehemu kubwa hupelekwa nje ikiwa pamba nyuzi tu, yaani imetolewa mbegu lakini haijasokotwa. Kati ya shamba na cherehani yako kuna kusokota, kufuma na kutia rangi, na hapo ndipo tulipokatika. Kiwanda cha nguo cha Urafiki pale Ubungo, Dar es Salaam, kilifunguliwa 1968 kwa msaada wa China; Mwanza kulikuwa na Mwatex, Musoma na Mutex. Mama zetu wamejifunga khanga na vitenge vya humuhumu. Kisha biashara ikafunguliwa, mashine zikazeeka, umeme ukawa wa kubahatisha, marobota ya mitumba yakamiminika.

Wapo wanaosubiri mitumba ipigwe marufuku. Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Afrika Mashariki walikubaliana kuiondoa taratibu. Marekani ikatishia kutufungia mlango wa AGOA, mpango wake wa kupokea bidhaa za Afrika bila ushuru, tukarudi nyuma. Rwanda ikakaza, na 2018 ikasimamishiwa nafuu ya kuuza nguo huko bila ushuru. Piga hesabu zako ukijua mnada wa mitumba wa Karume kesho asubuhi upo.

Basi shona kile ambacho mtumba hauwezi kukupa: nguo mia zinazofanana. Sare za shule, za walinzi, za kwaya. Wengi mnakimbilia nembo na picha za Instagram, kitambaa mnakikumbuka mwisho. Kitambaa kwanza!

Shule moja, siitaji, ilinirudishia sketi zote kwa sababu nusu yake kijani kilikuwa kimekolea zaidi. Muuzaji wa Kariakoo alikuwa ameniapia majora yote ni ya mzigo mmoja, yaani yametiwa rangi pamoja. Hayakuwa. Hela sikuiona, na mkuu wa shule hadi leo tukipishana anageuza uso, utadhani mimi ndiye niliyemdhulumu. Imeniuma, sitaficha.

Sasa hivi majora ya oda moja nayanunua kwa mkupuo, nayatoa nje juani na kuyapanga sambamba, kwa sababu taa ya dukani huficha mengi. Nakata kipande kwenye kila jora, nakipima, nakifua, nakianika, nakipima tena. Kitambaa cha pamba hunywea. Usipofua kipande kabla ya kukata, suruali za Januari zitakuwa kaptula ifikapo Juni, na wazazi watalijua jina lako kwa ubaya. Kwa hiyo narudia: linganisha, fua, pima, ndiyo ushike mkasi.

Na malipo ya awali yawahi kabla ya mkasi, yatoshe angalau gharama ya kitambaa chote. Mteja akikwambia "sisi tunafahamiana", mdai robo tatu ya bei yote.