Abbott au Henderson-Tilton?

Mkuu, kwa kukokotoa dawa imepunguza wadudu kwa asilimia ngapi, tumia kanuni ya Henderson-Tilton (1955). Kanuni ya Abbott ya 1925 inaangalia idadi ya baada ya kupulizia tu, yaani inachukulia matuta yote yalianza na wadudu sawa. Kunde zako za Msimbazi hazikuanza sawa: tuta la dawa lilikuwa na vidukari 80, lisilopuliziwa 40.

Chukua waliobaki kwenye tuta la dawa (20), zidisha kwa walioanza kwenye lisilopuliziwa (40). Gawanya kwa walioanza kwenye la dawa (80) mara waliokutwa mwisho kwenye lisilopuliziwa (60). Jibu litoe kwenye 1, zidisha kwa 100: unapata 83%. Kwa Abbott ungepata 67%, dawa ikaonekana mbovu bure. Kazi yangu ya kila siku ni majaribio ya viuatilifu, na hili ndilo jambo la kwanza tunalokagua kabla ya kugusa kompyuta.

Ila hiyo 83% peke yake haithibitishi kitu. Tuta moja la dawa na moja lisilopuliziwa hayatoshi. Weka marudio, yaani matuta manne hivi kila upande, na tuta lipi lipate dawa iamuliwe kwa kura, si kwa macho. ANOVA (jaribio la takwimu la kulinganisha wastani wa makundi) ifanye kwenye idadi ya vidukari baada ya kuibadili kwa logi, yaani logarithm (ongeza 1 kwanza kama kuna sifuri), usiifanye kwenye asilimia. Na majani kumi ya tuta lile lile si marudio kumi, hata kama Excel itakukubalia.