Kabla Kidole Hakijagusa Triga: Majibu kwa Wenye Leseni

Bastola gani inamfaa anayeanza? (Nakuru)

Ile inayokaa sawasawa mkononi mwako, na ambayo utaifanyia mazoezi kila mwezi. Swali hili naletewa tena na tena, wala sijaona muulizaji hata mmoja anayetaka kujua atajifunza wapi na kwa nani. Mtu anamaliza akiba yake kununua chuma, kisha anaona uchungu kununua risasi hamsini za mazoezi.

Wezi wakiruka ukuta wangu usiku, sheria inaniruhusu kuwapiga risasi? (Kitengela)

Aliyeruka ukuta amekukosea, lakini kuruka ukuta peke yake si kuhatarisha uhai wako. Kifungu cha 17 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya kinayapima mambo haya kwa misingi ya sheria za mazoea za Uingereza, na mahakama zetu hurejea mara nyingi kesi ya Palmer, iliyotoka Jamaika ikaamuliwa London. Kiini chake ni kwamba aliyeshambuliwa hatarajiwi kupima nguvu zake kwa mizani ya sonara. Lakini hatari ikishapita, nguvu anayoendelea kuitumia yaweza kuhesabiwa kisasi. Mwizi anayekimbia na televisheni yako amekupa mgongo. Mwache aende nayo.

Kinachonitia hofu kuliko hata mahakama ni giza. Kijana wako aliyechelewa kurudi akaogopa kugonga mlango, shemeji aliyeamka kwenda msalani, mlinzi wa jirani anayemfukuza mwizi yuleyule: wote hao gizani wana umbo moja na jambazi. Usichokimulika hukijui, na usichokijua hukipigi. Isitoshe, risasi hupenya mabati na mbao, na chumba cha pili kina watu.

Basi kusanya familia chumba kimoja, funga grili ya korido, piga 999 au 112, kisha paza sauti useme una silaha na polisi umewaita. Kaa nyuma ya kitu kizito, bastola ikielekea mlangoni, kidole nje ya triga. Anayeuvunja mlango huo baada ya onyo lako amekuondolea shaka nyingi. Mpango huu hupangwa mchana, mkeo na watoto wakiwa wanasikiliza, kila mmoja akijua atalala sakafuni upande gani.

Je, nifyatue hewani kwanza kuwatisha? (Thika)

Hapana. Inayopanda hushuka, na hujui itashukia paa la nani.

Nimesikia kwamba mwenye kisu akiwa ndani ya futi 21 naruhusiwa kumpiga. Ni kweli? (Mombasa)

Si kweli, na wanaoisambaza kauli hii wanawapeleka watu gerezani. Mwaka 1983 Dennis Tueller, sajini wa polisi wa Salt Lake City huko Marekani, aliandika kuhusu jaribio alilolifanya: mtu akikimbia futi 21, yaani kama mita sita na nusu, hutumia takriban sekunde moja na nusu. Muda huohuo ndio anaouhitaji askari aliyefunzwa kuchomoa bastola kwenye ala na kufyatua. Tueller alikuwa anawaonya wenzake kwamba mwenye kisu ni hatari hata akiwa mbali kuliko walivyodhani. Hakuchora mstari wa ruhusa. Mchinja nyama aliyesimama mita tatu kutoka kwako ana kisu pia.

Jaribu mwenyewe kwa bastola ya plastiki ya mazoezi, mwenzako akikimbia kutoka futi 21 huku shati limefunika ala yako kama kawaida. Utafikiwa. Ukirudia huku ukihama na kuweka gari kati yenu, utaona miguu imekupa muda ambao mkono haukuweza kukupa. Wengi mnaoniandikia mnataka kuchomoa haraka. Ningefurahi mngetaka kuondoka haraka.

Kwenye uwanja wa shabaha napata alama zote. Nahitaji mafunzo gani tena? (Kiambu)

Karatasi haikimbii, haipigi kelele, haijifichi nyuma ya mtoto. RAND, taasisi ya utafiti ya Marekani, ilipochunguza polisi wa New York mwaka 2008, iliona kwamba katika makabiliano ya kurushiana risasi ni takriban asilimia 18 tu ya risasi zao zilizompata aliyelengwa. Pale mshukiwa asiporusha, asilimia 30. Hao ni askari, kazi yao hiyo. Zilizokosa zote zilikwenda mahali, na kwako wewe kila moja ina kesi yake. Mwombe mwalimu wako akuwekee picha za watu walioshika simu, pochi, bastola, ukizigeukia ghafla bila kujua ipi ni ipi. Nimeona wenye shabaha nzuri kabisa wakimpiga mwenye simu, wakabaki wamesimama bila neno. Heri aibu hiyo uipate uwanjani.

Magaidi wakivamia jengo nikiwa ndani na bastola yangu? (Nairobi)

Watoe watu wako nje kwanza. Magaidi walipovamia jengo la maduka la Westgate, Septemba 21, 2013, raia wenye leseni waliingia na kuokoa wengi, na nawaheshimu hadi leo. Lakini siku hiyohiyo afisa wa Recce, kikosi maalum cha polisi, aliuawa kwa risasi za wanajeshi wetu, naye alikuwa mtaalamu. Wewe umevaa jinzi na umeshika bastola. Askari anayeingia atakuonaje? Akitokea, fanya anachosema, mikono wazi, taratibu.

Mume wangu huenda baa na bastola, akirudi huiweka chini ya godoro. Watoto ni wadogo. (Eldoret)

Dada, hili ndilo swali zito kuliko yote niliyopokea. Silaha haiendi kwenye pombe, hata chupa moja, na chini ya godoro watoto wanapajua zamani. Mwambie akiwa hajanywa, mbele ya mtu anayemsikiliza: baba yake, au mchungaji wenu. Kasha la chuma lifungwe ukutani na ufunguo akae nao. Akikataa, nenda kituo cha polisi ueleze ulivyoniandikia mimi. Usingoje Ijumaa nyingine.